Wanafunzi wangu wanaziona tashbihi zote, shairi hawalioni

Shikamoo Mwalimu,

Nimekuwa nikiisoma safu yako kimyakimya kwa muda mrefu, wala sikudhani siku moja nitakuwa mimi ninayeandika. Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya juu huku Marekani, huu ni mwaka wa nne. Mwezi Januari mwenzangu alikwenda likizo ya uzazi na mimi nikakabidhiwa darasa lake la AP (Advanced Placement, kozi ya kiwango cha chuo inayosomwa sekondari na kuishia na mtihani mwezi Mei), lile la fasihi ya Kiingereza. Wanafunzi 19, karibu wote wa mwaka wa mwisho. AP sikuwahi kuifundisha. Nilipewa funguo za kabati la vitabu, faili moja nene la karatasi za zamani, na maneno mawili: "Utaweza tu."

Basi nikajitosa. Nilitengeneza orodha ya istilahi 120 za fasihi na kila Jumatatu tunafanya jaribio. Kwa hilo sina malalamiko, watoto ni hodari. Waamshe usiku wa manane watakupa tofauti ya sitiari na tashbihi, ya kinaya na kejeli, na mifano juu. Wiki iliyopita nikawapa moko ya insha: insha tatu, moja ya shairi, moja ya kipande cha riwaya na moja ya kitabu walichosoma, saa mbili, kama mtihani wenyewe utakavyokuwa.

Mwalimu, nilisahihisha huku machozi yananilengalenga. Mmoja wao, nimwite Z., ambaye ndiye tegemeo langu, aliandika hivi (ninatafsiri): "Mshairi ametumia tashbihi katika mshororo wa tatu. Pia ametumia takriri katika ubeti wa pili. Mbinu hizi zinamsaidia msomaji kupata picha akilini na kulifanya shairi livutie." Akaendelea hivyohivyo ukurasa mzima. Shairi linasema nini, hakugusa. Nikampa 2 kati ya 6, kisha nikakaa najiuliza kama hata hiyo 2 nimempendelea.

Insha ya kitabu ndiyo ilinimaliza. Saba walinisimulia hadithi toka mwanzo hadi mwisho, bila hoja. Wawili waliandika juu ya riwaya ambayo nina hakika hawajaifungua, maana walichokijua ni kile tu kilichomo kwenye muhtasari wa intaneti, na makosa ya muhtasari ule wakayabeba pia.

Mkuu wangu wa idara anasema dawa ni karatasi nzima ya majaribio kila wiki mpaka Mei. Mzazi mmoja ameshaniandikia mara tatu akitaka nimpe mwanawe "fomula" ya insha ya aya tano. Na juzi kijana mmoja ameinua mkono, kwa adabu kabisa, akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini usituambie tu shairi lina maana gani?" Nilimjibu tutalizungumza kesho. Kesho ikapita.

Ukweli ambao sijamwambia mtu ni huu: na mimi mashairi ya Kiingereza yananitisha. Fasihi niliyosomeshwa mimi ilikuwa ya fani na maudhui, nikafaulu vizuri, na ndiyo ninayojua kufundisha. Zimebaki wiki nane. Nianze na nini, na niache nini?

Mwalimu wa Tashbihi

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, si kwa kukucheka. Ile aya ya Z. ningeweza kuiandika mimi mwenyewe nikiwa kijana, na ningepata alama nzuri tu. Sisi tuliofundwa kuhakiki kwa Kiswahili tulipewa masanduku mawili. Hili la fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Lile la maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Unajaza la kwanza, unajaza la pili, unakusanya karatasi. Walimu wetu walitukumbusha kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, lakini sikumbuki hata mmoja aliyeitoa sarafu yenyewe mfukoni tukaiona.

Mtihani unaokunyima usingizi unaiulizia sarafu hiyo tu. Chukua swali lolote la insha ya shairi au la kipande cha riwaya, miaka yoyote ya karibuni, utakuta limejengwa vilevile: soma, kisha changanua jinsi mwandishi anavyotumia mbinu za kifasihi kuonyesha mtazamo changamano wa fulani juu ya jambo fulani. Wanafunzi wako wanasikia "mbinu za kifasihi" na kukimbilia orodha yao. Uzito wa swali uko kwenye "jinsi" na kwenye "changamano". Umewafundisha kuvitambua vyombo vya fundi mmoja mmoja kwa jina. Sasa waonyeshe kiti kilichochongwa kwa vyombo hivyo.

Kabla sijaendelea, lile faili nene la karatasi za zamani. Lifungue uangalie miongozo ya kusahihishia iliyomo. Ukikuta insha inatolewa alama kati ya 9, huo ni mwongozo wa zamani. Siku hizi College Board, shirika linaloendesha mtihani huu, wanasahihisha kila insha kwa alama 6, na alama hizo zina makazi yake: 1 ya hoja kuu, 4 za ushahidi na ufafanuzi, 1 ya ukomavu wa uchambuzi. Maswali ya zamani bado ni mazuri, yatumie. Miongozo yake iache kabatini.

Hizo 4 za katikati ndizo za kuzipigania. Anayesimulia tu, au anayetaja mambo kwa ujumla bila kuyaeleza, haendi mbali zaidi ya 1. Anayetoa ushahidi mahususi na kueleza hapa na pale, lakini hoja zake hazishikani, atafika 2. Kupanda hadi 3 na 4 kunataka mambo mawili: hoja ziwe na mfululizo, moja ikizaa nyingine, na kila ushahidi uelezwe namna unavyoibeba hoja. Kwa 4, katika insha ya shairi na ile ya kipande cha riwaya, aonyeshe kazi ya mbinu zaidi ya moja. Kwa kutaja istilahi peke yake hakuna alama hata nusu. Kwa hiyo ile 2 yako kwa Z. nadhani ulimpendelea kidogo, lakini tusigombane kwa hilo.

Alama ya mwisho, ya ukomavu, usiwahangaishe nayo. Wachache tu huipata, na wanaoifukuza kwa maneno makubwa huikosa.

Sasa tuje darasani. Mashairi ya watu tuyaache kidogo. Nakutungia kipande changu mwenyewe, nacho hiki hapa:

"Baba aliubeba mfuko wake mwenyewe hadi mlangoni. Hakuna aliyemwomba abaki, na hakuna aliyemfungulia. Aliufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga kitabu ambacho hajakimaliza, na sisi tukaendelea kula."

Mpe Z. kipande hicho, ataandika: "Mwandishi ametumia tashbihi, 'kama mtu anayefunga kitabu,' ili kumpa msomaji taswira ya jinsi baba alivyofunga mlango." Si kweli? Na kweli kabisa, wala huwezi kuipinga. Ndiyo maana haina thamani. Sentensi ambayo hakuna mtu duniani angeweza kubishana nayo si hoja.

Mfanyie hivi. Mwambie aking'oe kitabu aweke kitu kingine. "Kama mtu anayefunga jeneza." Kimebadilika nini? Atakwambia hapo baba amekwenda moja kwa moja, harudi. Sawa. "Kama mtu anayefunga duka jioni." Hapo anaondoka kama kawaida yake, kesho atafungua. Sasa rudisha kitabu, na usisahau "ambacho hajakimaliza." Mtu akifunga kitabu katikati, amekatizwa, au amechoka, au anakusudia kukirudia. Hatujui. Baba yumo humo katikati ya kuondoka na kurudi. Mpaka hapo Z. ameshapata kitu cha kusema.

Lakini usimwachie hapo. Muulize: nani anasema hivyo? Si baba, ni mtoto aliyekuwa mezani. Mtoto huyo amejuaje kwamba kitabu hakijakwisha? Hajui. Anatamani. Halafu tazama mwisho wa sentensi: "na sisi tukaendelea kula." Baridi kabisa, kama vile hakuna kilichotokea. Na "sisi" ile, badala ya "mimi", mtoto amejificha nyuma ya familia nzima. Kwa hiyo tashbihi inasema ninatamani arudi, na kitenzi kinachofuata kinasema sijali, vyote ndani ya sentensi moja. Hapo ndipo "changamano" lilipo, mwalimu mwenzangu. Changamano maana yake ni kwamba mambo mawili yanayovutana yote ni kweli kwa wakati mmoja. Wanafunzi wengi hudhani ni neno la heshima linalowekwa kwenye swali kupendezesha.

Sasa aya ya Z. itakuja hivi:

"Msimulizi anajifanya hajaguswa. Anajificha ndani ya 'sisi' na anamaliza kwa kusema 'tukaendelea kula,' kana kwamba kuondoka kwa baba ni jambo dogo lililokatiza chakula. Lakini anapomfananisha baba na mtu anayefunga kitabu 'ambacho hajakimaliza,' anajisaliti: mtu mwingine yeyote angeona mlango unafungwa tu, yeye ameona hadithi iliyobakiza kurasa."

Hesabu istilahi zilizomo. Ukiacha "msimulizi", hakuna hata moja. Kama anataka kuliweka neno "tashbihi" aliweke, halitamdhuru, lakini lililobeba alama si hilo.

Zoezi hili la kung'oa neno na kuweka jingine ndilo ningelifanya kila siku kwa wiki nane kama ningekuwa wewe na ningeruhusiwa kufanya jambo moja tu. Halihitaji karatasi ya majaribio. Linahitaji sentensi moja na dakika 10. Orodha yako ya 120 ikate ibaki 20 hivi, zile zinazofanya kazi katika karibu kila andiko: msimulizi na mtazamo wake, nafsineni (yule anayesema ndani ya shairi), toni, taswira, kinaya, ukinzani, muundo wa beti, sitiari, tashbihi, na ndugu zao. Zilizobaki zisamehe. Jaribio la Jumatatu lifute. Watoto watashangilia, na kwa mara hii moja watakuwa sahihi.

Mashairi. Ningechukua shairi moja nikae nalo siku tatu. Siku ya kwanza lisomwe kwa sauti mara mbili, na wasomaji wawe wawili tofauti, kalamu zikiwa mezani. Mara nyingi wasomaji hao wawili hawatakazia maneno yaleyale, na tofauti hiyo peke yake ni somo zima. Kisha maswali matatu tu: nani anasema, anamwambia nani, na kati ya mshororo wa kwanza na wa mwisho kimebadilika nini. Hilo la tatu lishikilieni. Mashairi mengi yanayowekwa kwenye mitihani ya aina hii yana mahali yanapogeuka: neno kama "lakini" au "hata hivyo", wakati uliopita ukiwa uliopo, swali ghafla, ubeti mfupi kuliko wenzake. Mwanafunzi aliyepata mgeuko amepata mfululizo wa hoja bure, kwa sababu insha yake inaweza kwenda na shairi: mwanzoni anaamini hivi, hapa anayumba, mwisho anabaki na hili. Hana haja ya kuipanga insha kwa mbinu, aya ya taswira, aya ya takriri, aya ya toni. Mpangilio huo ndio unaozaa maorodha. Siku ya pili mng'oe maneno kama nilivyokuonyesha. Siku ya tatu kila mmoja aandike aya moja, dakika 12, basi. Aya 19 utazisahihisha jioni moja na bado ukalala. Insha 57 ulizosahihisha wiki iliyopita zilikuchosha wewe tu, wao hazikuwafunza kitu.

Hoja kuu inahitaji neno lake. Wanafunzi hupenda kuandika "Mwandishi anatumia taswira, toni na muundo kuonyesha uhusiano changamano wa mtoto na baba yake." Huo ni mwangwi wa swali. Swali limeshasema uhusiano ni changamano, msahihishaji anangoja kuambiwa ni changamano vipi. "Mtoto anajionyesha hajali kwa sababu kujali kungemlazimu akubali kwamba baba huenda asirudi" ni hoja, mtu anaweza kuipinga. Hoja hiyo inaweza kukaa popote katika insha, si lazima iwe sentensi ya mwisho ya aya ya kwanza, ingawa kwa mtoto mwenye dakika 40 mwanzoni ndipo salama.

Niliwahi kukaa meza ya usahihishaji, si mwaka mmoja. Msahihishaji hupewa swali moja, na majibu ya swali hilohilo moja ndiyo anayoyasoma siku nzima, siku baada ya siku. Hebu fikiria utangulizi wa "Tangu enzi na enzi wanadamu wamekuwa wakihangaika na mapenzi" unavyosikika ukikutana nao kwa mara ya 70 kabla ya chakula cha mchana. Hakati alama kwa hilo. Lakini macho yanaamka anapokutana na mtoto aliyeanza moja kwa moja na jambo aliloliona. Jambo jingine nililojifunza pale, na hili wape wanafunzi wako ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza: insha inachukuliwa kuwa rasimu. Makosa ya sarufi hayamnyimi mtu alama mpaka yafike mahali pa kuziba maana. Nimesoma insha zilizoandikwa kwa Kiingereza kinachochechemea zikapata alama za juu, na nyingine zilizonyooka kama risala ya harusi zikaishia chini kwa sababu hazikuwa na neno la kusema.

Usiniamini mimi tu, wafanye wao wasahihishaji. College Board hutoa hadharani maswali ya insha ya miaka iliyopita pamoja na majibu halisi ya watahiniwa, alama walizopewa na maelezo ya kwa nini. Pakua majibu matatu ya swali moja, ficha alama, wagawe watatu watatu wabishane. Utasikia kelele. Utamsikia Z. akimtetea yule aliyetaja tashbihi sita, kisha ufunue alama. Somo hilo hutolifundisha kwa mdomo hata ukikesha.

Insha ya kitabu ni jambo jingine. Swali hutaja jambo, labda mhusika anayekaidi matarajio ya jamii yake, au siri inayotunzwa, au mahali panapobeba maana, kisha mwanafunzi achague riwaya au tamthilia na aonyeshe jambo hilo linavyojenga maana ya kazi nzima. Huwekwa orodha ya vitabu chini ya swali, lakini si lazima kuchagua humo, mradi kazi iwe na kina cha kubeba swali. Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ile ya 1958 ambayo kwa Kiswahili ni Hamkani si Shwari Tena, imeonekana katika orodha hizo zaidi ya mara moja, nami naipenda kwa kazi hii kwa sababu ya tukio moja. Okonkwo ameonywa na mzee Ezeudu asitie mkono katika kuuawa kwa Ikemefuna, kijana anayemwita baba. Anakwenda. Kijana anapopigwa anamkimbilia yeye, naye anammaliza kwa panga lake mwenyewe, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Mwanafunzi akilijua tukio hilo mpaka kwenye mifupa, aulizwe nini ashindwe? Woga, lipo. Baba na mwana, lipo. Mtu na jamii yake, lipo, na lina kinaya, kwani jamii hiyohiyo kwa mdomo wa mzee ilimwambia asiende. Tendo ambalo matokeo yake yanamfuata mtu hadi mwisho, lipo: mtazame Nwoye, mwanawe wa kumzaa, anavyokatika kitu ndani siku ile, na anakoishia.

Kwa hiyo usiwape vitabu 10. Kila mmoja awe na viwili, vikizidi vitatu, na kwa kila kitabu awe na kadi moja tu: matukio manne kama hilo, maneno machache yaliyotoka kinywani mwa mhusika, na jinsi mwisho unavyobadilisha tulivyoelewa mwanzo. Muhtasari usiruhusiwe kwenye kadi. Hata alama hazidai nukuu neno kwa neno, maana kitabu hawatakuwa nacho, lakini zinadai mambo mahususi, na mambo mahususi humtoka aliyesoma. Wale wawili wa intaneti usiwaaibishe. Watafutie tamthilia moja fupi ya uzito unaostahili, isomwe kwa sauti darasani, wao wapewe sehemu kubwa. Wiki mbili zinatosha, na wataingia mtihanini na kazi moja ambayo kweli wameisoma. Moja inatosha.

Maswali ya kuchagua sitakaa nayo sana, ingawa yana uzito wa asilimia 45. Ni 55 kwa dakika 60, kusoma vipande ndani yake, kwa hiyo mwendo ni wa haraka. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, basi asiwepo wa kuacha pengo. Kwa wiki fanya kipande kimoja tu, wawili wawili, na sharti liwe kueleza kwa nini majibu waliyoyakataa ni mabaya. Watagundua wenyewe kwamba jibu baya zuri huwa kweli nusu: nusu ya kwanza inalingana na andiko, nusu ya pili imeongezwa.

Na kitu kidogo ambacho huwa kinasahaulika: tangu Mei 2025 mtihani huu unafanyika kwenye kompyuta, katika programu ya Bluebook. Watoto waliozoea kupigia mistari kwa penseli na kuchora mishale pembeni hupotea wasipozoezwa. Kwa hiyo moko zako ziwe mbili tu kuanzia sasa, moja mwanzoni mwa Aprili, nyingine wiki mbili kabla ya mtihani, na zote zifanyike kwenye skrini.

Hapo ndipo utamkuta mkuu wako wa idara. Usibishane naye kwa nadharia. Mpelekee ile aya ya Z. ya wiki iliyopita, na baada ya wiki tatu mpelekee nyingine ya Z. yuleyule. Moko hukuonyesha kidonda kilipo. Yeye anataka ukifunue kila wiki, wewe mwambie unataka muda wa kukisafisha. Mzazi mjibu kwa upole kwamba mwongozo wa kusahihishia hautaji popote idadi ya aya, umpe na mwongozo wenyewe ausome. Atatulia, au ataanza kukuandikia juu ya jambo jingine.

Nimemwacha makusudi yule kijana aliyeuliza kwa nini usiwaambie tu maana ya shairi. Anastahili jibu, na umemkopa siku nyingi. Na nadhani swali lake na woga wako ni kitu kimoja. Wewe unaogopa kwa sababu unadhani mwalimu wa AP huingia darasani na maana mfukoni. Wao wanadhani hivyo pia. Sasa fanya jambo litakalokutia kijasho: chukua shairi ambalo hujawahi kulisoma, wao walichague, liwekwe ubaoni, ulisome mbele yao kwa mara ya kwanza huku ukifikiri kwa sauti. "Hapa sielewi. Neno hili nalijua lakini hapa linanikataa. Ngoja, nilidhani anamwambia mpenzi wake, kumbe anamwambia marehemu." Ukosee, ujisahihishe mbele yao. Sisi tuliojifunza Kiingereza ukubwani tuna kitu ambacho wazawa wa lugha hiyo wanakikosa: hatupiti neno bila kulisalimia. Hilo ulilolichukulia kuwa aibu yako ndiyo kazi yenyewe unayotakiwa kuwafundisha.

Kisha mgeukie kijana umwambie: leo umeona ninavyotafuta, kesho zamu yako, na mimi nitakaa kwenye kiti chako.

Z. naye usimrudishie insha yake na 2 juu yake. Mwite dakika tano, mketi nayo, kidole kwenye ile tashbihi ya mshororo wa tatu, umuulize mshairi angeweza kusema nini kingine pale. Halafu unyamaze. Atachukua muda. Mwache achukue.